Nilipokagua Matembezi ya Alps

Kwa miaka 34 kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa. Mbele yuko mwanachuo na chaki yake, kola imemlowa jasho, watoto wanamkodolea macho, nami niko dawati la mwisho na daftari la ukaguzi magotini. Nilianza nikiwa mkufunzi wa historia, nikamaliza nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kustaafu hakukuniondolea tabia hiyo. Nikienda kanisani namkagua mhubiri. Nikialikwa harusini namkagua mzee anayetoa nasaha. Basi msomaji asishangae kwamba mwaka 2019, binti yangu anayefanya kazi ya uuguzi huko Innsbruck aliponilipia matembezi ya siku sita katika milima ya Alps, nilikwenda na daftari.

Matembezi yenyewe si ya kupanda kilele. Hakuna kamba, hakuna shoka la barafu, hakuna mtu wa kujisifu kwamba amefika. Mnatembea saa tatu au nne kwa siku, tena kwa mwendo wa kuzungumza. Mizigo inatangulia kwa gari. Mchana mnakula chakula cha wenyeji, jioni mnalala nyumba ya wageni, na njiani kiongozi anawaeleza historia ya mahali. Tangazo lilikuwa na maneno matatu makubwa: mandhari, mapishi, historia. Walengwa ni wazee kama mimi, ambao magoti yao yamekwisha kutoa notisi lakini macho na tumbo bado viko kazini. Tulikuwa tisa, pamoja na binti yangu, ambaye alikuwa mkalimani wangu kwa Kijerumani.

Nikisema tangu mwanzo kwamba nilifurahi, msomaji anielewe. Nilifurahi sana. Lakini nimewahi kufurahia masomo mengi ambayo baadaye niliyapa alama ndogo.

Bonde tulilopita linaitwa Vinschgau kwa Kijerumani na Val Venosta kwa Kiitalia, na majina yote mawili yameandikwa kwenye vibao vya njiani. Liko Tirol ya Kusini, katika Italia ya kaskazini. Linaanzia karibu na kipito cha Reschen, meta 1,504 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Austria na si mbali na Uswisi, kisha linateremka pamoja na mto Etsch hadi mji wa Meran, mwendo wa kilometa 80 hivi. Milima mirefu imelizunguka pande zote, na mawingu yanamaliza mvua yake kabla ya kulifikia. Linapata milimita 500 hivi tu kwa mwaka, yaani mvua ya Dodoma. Mtu akiona majani yale ya kijani na mashamba ya matofaa yaliyojipanga mistari hadi chini ya bonde, hawezi kukisia jambo hilo asipoambiwa.

Somo la kwanza lilianza kwenye mnara. Pale Reschen kuna ziwa refu, na katikati ya maji, karibu na ufuko, umesimama mnara wa kanisa wa karne ya 14, peke yake, bila kanisa. Ni picha ambayo imekwisha kuzunguka dunia nzima kwenye kadi na kalenda. Kiongozi wetu alitukusanya, akatueleza kwamba wenyeji husema usiku wa baridi kengele husikika zikilia chini ya barafu, akatupa dakika tano za kupiga picha, tukaenda kula. Nilitazama saa. Mnara ulipata dakika tano, supu ilipata saa moja na robo.

Usiku ule binti yangu alinisomea kijitabu tulichokikuta chumbani. Ziwa lile ni bwawa la umeme. Mwaka 1950 kampuni moja ya Kiitalia ilipandisha maji, yakazamisha kijiji chote cha Graun na sehemu ya kijiji cha Reschen: nyumba 163 na hekta 523 za ardhi ya kilimo na malisho, katika nchi ambayo ardhi tambarare ni kama dhahabu. Mpango wa awali ulikuwa kuinua maji meta 5. Baadaye ukabadilishwa ukawa meta 22, na tangazo la mabadiliko hayo likabandikwa kwa Kiitalia, mbele ya wakulima waliosema na kusoma Kijerumani. Kanisa lilibomolewa. Mnara uliachwa kwa sababu ulilindwa na sheria ya mambo ya kale. Na hizo kengele zinazosemwa kulia chini ya barafu zilikuwa zimekwisha kuteremshwa kabla maji hayajafika. Mwaka 2021, nikiwa nimesharudi nyumbani, binti yangu aliniandikia kwamba maji yamepunguzwa kwa ajili ya matengenezo, na kuta na ngazi za nyumba zimeonekana tena kwenye matope.

Kwenye daftari niliandika: mandhari bora, historia haikufundishwa. Si kwamba kiongozi alisema uongo, maana ngano ile ya kengele ni ya wenyeji kweli. Lakini aliichagua ngano ili imwepushe na mwaka 1950, na kwa njia hiyo kaburi la kijiji likawa pambo.

Sasa niseme mema, maana mkaguzi anayeanza na kumaliza kwa makosa hafai. Mwendo ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuuona katika ziara yoyote ya mafunzo. Kiongozi alijua kunyamaza. Asubuhi ya siku ya pili, juu ya Burgeis, ambako nyumba ya watawa wa Marienberg imebandikwa mlimani kama kiota cheupe, alitukalisha kwenye nyasi robo saa bila neno, kila mtu akatazama theluji ya Ortler kwa nafsi yake. Walimu wachache wanathubutu kufanya hivyo. Na chakula sina la kukilaumu: jibini la malisho ya juu, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi na hewa ya milimani, matonge ya mkate katika mchuzi, na mkate wa nafaka ya rai, jamaa ya ngano inayostahimili baridi na udongo mbovu, ukiwa umetiwa viungo vya kunukia. Nilikula hadi binti yangu akanikumbusha dawa zangu za presha.

Siku ya tatu tulifika kwenye mfereji.

Hapa naomba radhi, kwa sababu nitakaa. Nilizaliwa kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na kitu cha kwanza nilichokijua duniani baada ya sauti ya mama ni sauti ya mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na wazee kutoka bondeni kwenye mto hadi kwenye migomba ya kihamba chetu. Sikuwahi kusikia sauti ile mahali pengine popote, mpaka Schluderns, nikiwa na umri wa miaka 70, nyuma ya watalii wenye kofia. Wao wanauita Waal. Unachepusha maji kutoka kijito kinacholishwa na theluji, unayaongoza kandokando ya mteremko kwa mwinamo mdogo sana ambao jicho haliuoni, na palipo na mwamba maji yanapita kwenye magogo yaliyochongwa kama mtumbwi na kutundikwa ubavuni. Kila mkulima alikuwa na zamu yake ya maji, kwa saa zilizohesabiwa, mchana au usiku, na zamu ilirithiwa pamoja na shamba. Kulikuwa na mlinzi wa mfereji. Mlinzi huyo hakuweza kuwa kila mahali, kwa hiyo waliweka gurudumu dogo la mbao ndani ya mkondo. Linapozunguka, nyundo inagonga kengele. Maadamu kengele inalia, maji yanapita. Ikinyamaza, mlinzi anachukua jembe lake na kuondoka hata kama ni saa nane ya usiku.

Nilisimama hapo mpaka kundi likaniacha. Sisi hatukuwa na kengele, tulikuwa na watoto. Mimi ndiye niliyetumwa alfajiri kwenda kuangalia ni nani aliyeziba.

Hapa kiongozi wetu alifanya vizuri nusu. Alieleza gurudumu na kengele, kila mtu akacheka kwa furaha. Alisema pia jambo ambalo naliona la haki kulitaja: siku hizi mashamba mengi yanamwagiliwa kwa mabomba na vinyunyizio, na mifereji mingi ilikuwa ife, baadhi imebaki hai kwa sababu watu kama sisi wanakuja kutembea kwenye kijia cha mlinzi. Kwa hiyo nisimdharau mtalii. Miguu yake imeokoa kitu ambacho kwetu hakuna aliyekiokoa. Lakini kiongozi hakusema kwamba bila maji yale bonde lingekuwa jangwa, wala kwamba kabla ya matofaa lilikuwa bonde la nafaka, ghala la chakula la Tirol nzima. Chakula tulichokila mchana kilitoka ndani ya mfereji tuliotembea kandoni mwake asubuhi, na hakuna aliyeviunganisha. Katika andalio la somo tunasema maarifa mapya yajengwe juu ya yale ambayo mwanafunzi anayo tayari. Mwanafunzi tayari alikuwa na mkate mdomoni.

Mchana ule ule tukapelekwa kwenye ngome ya Churburg, na hapo kiongozi wetu akafufuka. Dakika arobaini alitueleza mavazi ya chuma ya mabwana wa ngome, uzito wake, mafundi wake, farasi wao. Barabara ya Warumi iliyopita bondeni kuelekea kaskazini, Via Claudia Augusta, aliieleza kwa tarehe na mfalme wake. Nilimsikiliza kwa aibu kidogo, kwa sababu ile ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Mimi nami niliwafundisha vijana wa Kitanzania kwamba Alps ni mahali ambapo Hannibal alipitisha tembo mwaka 218 KK na Napoleon akapitisha mizinga mwaka 1800. Hakuna mwanachuo wangu hata mmoja aliyeweza kusema kama kuna mtu aliyekuwa akiishi huko, na alikula nini.

Nikumbuke pia habari ya majina. Kiongozi alipojua nimetoka Kilimanjaro alifurahi, akaniambia kwamba mmoja wa watu wawili wa Ulaya waliofika kileleni kwanza, tarehe 6 Oktoba 1889, alikuwa mtu wa kwao: Ludwig Purtscheller, mzaliwa wa Innsbruck. Ni kweli, naye alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo huko Salzburg, jambo linalonifanya nimpende. Lakini yeye na Hans Meyer walikiita kilele kwa jina la Kaisari Wilhelm, nacho kikabaki hivyo kwenye ramani za wageni hadi sisi tulipokiita Uhuru. Nilimwuliza kiongozi kama bonde lake halijapata mkasa kama huo. Alicheka, akasema, "Hiyo ni siasa, Bwana Mkuu." Nami nilijua tayari kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Italia ilipopewa nchi hiyo, bwana mmoja aitwaye Ettore Tolomei alikuwa ameshaandaa orodha ya maelfu ya majina ya Kiitalia kwa ajili ya vijiji, mito na milima iliyokuwa na majina yake ya siku zote. Mwaka 1904 alikuwa amepanda mlima mmoja mpakani na kuuita Kilele cha Italia, akidai yeye ni wa kwanza kufika, ilhali mwingine alishafika mwaka 1895. Ndiyo asili ya vibao vile vyenye majina mawawili. Tulipita chini yake siku sita.

Siku ya nne ilinyesha mvua, jambo la nadra kwao, na mvua hiyo ndiyo iliyotupa somo bora kuliko yote, ambalo halikuwa kwenye ratiba. Tulikuwa kwenye mteremko unaotazama kusini, ule wanaouita Mlima wa Jua, mkavu, umejaa mawe na miiba. Kiongozi akabisha hodi kwenye nyumba ya mkulima anayemfahamu. Mwenye nyumba alikuwa mama wa karibu miaka 80, aproni ya buluu, mikono mikubwa kama ya fundi seremala. Alitukaribisha jikoni, akatuwekea maziwa, jibini na mkate.

Mkate ule ulikuwa mwembamba kama chapati na mgumu kama kigae. Alikuwa na kibao chenye kisu kilichofungwa kwa bawaba upande mmoja, maalumu kwa kuuvunja. Mmoja wetu akausifu kwa utamu wake, akauliza kama unauzwa mjini. Mama akajibu, na binti yangu akatafsiri: unauzwa, siku hizi unauzwa kila mahali, lakini haukutengenezwa ili uwe mtamu, ulitengenezwa ili usioze. Tanuri la mkate linakula kuni nyingi, na kuni zilikuwa chache. Kwa hiyo shamba kama lao lilioka mara mbili au tatu tu kwa mwaka, mikate ikapangwa kwenye chanja darini ikauke, na watu wakala mkate wa miezi. Vipande vilivyovunjika viliingia kwenye mchuzi, vikawa yale matonge tuliyokula hotelini kwa bei kubwa. Hakukuwa na kitu cha kutupa.

Kisha akaipiga meza kwa kiganja. "Kwenye meza hii," akasema, "mama yangu alifundisha shule."

Inafaa nieleze, maana hata mimi mwalimu wa historia sikujua. Kuanzia sheria ya mwaka 1923 serikali ya Mussolini iliondoa Kijerumani mashuleni, darasa baada ya darasa, ikawaondoa kazini walimu wake na kuleta wengine ambao hawakujua lugha ya watoto. Padre mmoja, Michael Gamper, akawahimiza watu wafundishe watoto wenyewe majumbani. Zikazuka shule za siri. Walimu wake wengi walikuwa wasichana wa miaka kumi na tisa au ishirini, waliofunzwa haraka haraka. Walifundisha jikoni, darini, kwenye ghala la majani makavu. Watoto walikuja mmoja mmoja, vitabu vimefichwa ndani ya nguo. Aliyekamatwa alitozwa faini, alifungwa, au alihamishwa. Sehemu za chini za bonde la Etsch mwanasheria Josef Noldin alipelekwa uhamishoni kisiwa cha Lipari, akafariki mwaka 1929; mwalimu kijana Angela Nikoletti alifungwa na kufukuzwa kijijini kwake, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 25.

Mama alisema kwamba watoto walipewa mkate mgumu wautafune wakati wa kusoma. Endapo askari angebisha, mwalimu alikuwa mama wa jikoni tu anayelisha watoto wa jirani.

Nimekagua zana nyingi za kufundishia: chati, ramani, modeli za udongo, vifuniko vya chupa. Sikuwahi kuona zana kama mkate ule. Jikoni palikuwa kimya. Mwenzetu mmoja, mzee wa Kiholanzi, alifungua mdomo kuuliza swali, na hapo kiongozi wetu akatazama saa yake, akasema kwa upole sana kwamba mvua imepungua na gari linatusubiri chini. Tukasimama. Mama akasimama pia, akatupa mikono mmoja mmoja. Kikombe changu kilibaki nusu.

Siku ya tano, kama vile anataka kunionyesha kwamba anaweza, kiongozi alifundisha somo kamili. Tulikuwa katika bonde la Schnals, chini ya ukingo ambako tarehe 19 Septemba 1991 wapanda milima wawili wa Kijerumani, mume na mke, walimkuta mtu aliyekufa ndani ya barafu, meta 3,210 juu. Watu walidhani ni mpandaji wa siku hizi aliyepata ajali. Kumbe alikuwa amelala hapo kwa miaka 5,000 na zaidi. Leo yuko kwenye jumba la makumbusho mjini Bolzano, na dunia nzima inamwita Ötzi. Kiongozi hakuanza na tarehe. Alituuliza: mnadhani mara ya mwisho alikula nini? Kila mtu akabahatisha. Akatuacha tubahatishe mpaka juu ya kilima, kisha akatujibu: mafuta na nyama ya mbuzi mwitu wa milimani, nyama ya kulungu, ngano ya kale, na mabaki ya kangaga. Wataalamu waliyachunguza tumboni mwake na kutangaza mwaka 2018. Muda si mrefu baada ya mlo huo mtu alimpiga mshale kwa nyuma, ukaingia begani, akafa kwa kutoka damu. Tukakaa chini, tukafungua vifurushi vyetu, tukala kwa hamu kubwa tukitazama ukingo ule. Hapo mandhari, chakula na historia vilikuwa kitu kimoja, nami nikaandika alama ya juu kabisa.

Jioni nikamwomba anisikilize kidogo. Nikampongeza kwa dhati. Kisha nikamwambia: leo umetueleza mtu aliyeuawa kwa mshale, na hakuna aliyepoteza hamu ya chakula. Jana mama mmoja alitaka kutueleza habari ya mama yake, ukatazama saa. Alinyamaza muda. Akasema, "Watu wako likizo. Huyu wa barafu ana miaka elfu tano, hana wajukuu. Yule mama ana majirani. Katika kundi langu wengine ni Waitalia, wengine Wajerumani. Mwaka 1939 Hitler na Mussolini waliwataka wazee wetu wachague kubaki au kuhama, na watu kama 75,000 wakaondoka kweli, na ziko familia ambazo hazijamaliza kugombana mpaka leo. Nikilifungua hilo mezani, nitalifunga vipi kabla ya chai?" Akanitazama. "Wewe ulikuwa mkuu wa chuo. Ungefanyaje?"

Swali lilikuwa la haki, nami nilikuwa na jibu la kitabuni tayari. Sikulitoa, kwa sababu nilimkumbuka mzee mmoja.

Mwaka 1987 niliwapeleka wanachuo wangu kwenye ziara ya mafunzo, kufuata mfongo mmoja mkubwa kutoka mashambani hadi kwenye chanzo. Nilikuwa nimeandaa kila kitu: azimio, maswali, muda. Juu kabisa tulimkuta mzee wa mfongo, ambaye alishika zamu za maji za koo zote za upande ule. Akaanza kueleza jinsi zamu zilivyogawanywa, kisha akaanza kueleza mwaka mmoja wa ukame, nani alidhulumiwa maji, na mtoto wa nani alikufa mwaka ule. Baadhi ya wanachuo walikuwa wa koo zile zile alizozitaja. Nikaona nyuso zinabadilika. Nikatazama saa yangu, nikasema, "Shikamoo mzee, tunakushukuru sana, basi linatusubiri, tutarudi siku nyingine tukusikilize." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Tulikula wali na kuku chini ya mti, wanachuo wakaimba, na taarifa yangu ilisema ziara ilifanikiwa. Hatukurudi. Mzee amefariki, na sehemu ya juu ya mfongo ule sasa imeota vichaka, maji yanakuja kwa bomba siku yanapokuja.

Nilimweleza kiongozi habari hiyo. Hatukusemezana zaidi, tukamalizia mvinyo.

Baada ya matembezi binti yangu alikuwa na siku moja ya mapumziko, tukarudi Schluderns, kwenye jumba dogo la makumbusho ambalo kundi letu lililipita siku ya ngome. Huko wameweka habari za watoto wa Swabia. Kwa mamia ya miaka, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima maskini wa mabonde haya walipeleka watoto wao, wengine hawajafikisha miaka saba, kwenda kuajiriwa Ujerumani ya kusini. Waliondoka mwezi Machi, theluji ikiwa bado haijayeyuka, mara nyingi padre mmoja akiwaongoza, wakavuka Reschen na Arlberg kwa miguu hadi kwenye soko la Ravensburg au Friedrichshafen, ambako wakulima wenye mashamba makubwa waliwachagua. Walichunga na kulima hadi vuli, wakarudi karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martin, wakiwa na nguo, viatu na fedha kidogo. Faida kubwa kwa wazazi ilikuwa mdomo mmoja kupungua mezani wakati wa kiangazi. Njia ile ya Reschen ambayo mimi niliiteremka nikiwa na fimbo ya kukodi na mzigo wangu umetangulia kwa gari, wao waliipanda. Kaka yangu mkubwa alipelekwa tambarare kuchunga ng'ombe wa watu akiwa na miaka tisa, kwa malipo ya mahindi. Nilimweleza binti yangu habari hiyo pale, mbele ya jozi ya viatu vya mtoto. Alikuwa hajawahi kuisikia.

Sidhani kwamba matembezi ya starehe yageuzwe matanga. Mtu ana haki ya kutembea taratibu, kula vizuri na kutazama mlima. Lakini mlo wa milimani umetokana na hesabu ya kuni, ya maji, ya vinywa na ya miezi ya baridi, na kiongozi akiwa na mkate ule mkononi hahitaji hotuba. Aulize tu kwa nini ni mgumu, kisha akae chini mwenye nyumba ajibu, na dereva angoje. Huo ndio upungufu ninaouona katika matembezi haya, na katika mengi ya aina yake niliyoyasoma kwenye matangazo baadaye: historia imewekewa dakika zake, chakula dakika zake, navyo vinapitana njiani bila kuamkiana.

Wiki mbili baadaye walinitumia fomu ya maoni yenye nyota za kujaza. Mandhari nilijaza zote tano. Mapishi zote tano. Historia nilijaza tatu, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kwa Kiingereza changu cha chuoni kwamba siku ya nne iongezwe saa moja, jikoni kwa yule mama, na kwamba kiongozi ni mwalimu mzuri anayehitaji kuvua saa yake. Kisha nikafikiri kidogo, nikaifuta ile tatu, nikajaza nne, kwa sababu ya swali lake.